Vorländer, mkemia aliyenyoosha molekuli

HALLE, mji wa Ujerumani, ndiko alikofanyia kazi Daniel Vorländer. Mkemia huyu jina lake halivumi nje ya maabara, ingawa skrini za saa, kikokotoo na runinga bapa zinategemea kanuni aliyoibainisha.

Alizaliwa mwaka wa 1867 mjini Eupen, uliokuwa chini ya Prussia na ambao sasa umo Ubelgiji. Alisomea kemia Kiel, Munich na Berlin, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Halle hadi alipostaafu mwaka wa 1935.

Mnamo 1888, Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, aliona dutu iliyoyeyuka mara mbili. Kwa nyuzijoto 145.5 iligeuka kioevu chenye ukungu, ilipofika 178.5 ukungu ukatoweka. Kioevu hicho kilitiririka, lakini kiligeuza mwanga kama fuwele. Wataalamu wenye sifa, akiwemo Gustav Tammann, walishikilia kwamba huo ulikuwa mchanganyiko wenye uchafu tu.

Vorländer hakuingia sana katika malumbano. Yeye na wanafunzi wake waliunda dutu mpya kwa mamia, wakibadilisha sehemu moja ya molekuli baada ya nyingine. Uchafu gani ungefuata utaratibu namna hiyo? Pete ya kaboni iliposhikiliwa na viungo katika ncha mbili zinazoelekeana, molekuli ilinyooka na fuwele kioevu ikapatikana. Kiungo kilipohamishiwa ubavuni, molekuli ilipinda na mara nyingi hali hiyo ikapotea, hata kama atomi zilikuwa zile zile kwa idadi.

Anayefunga mzigo wa kuni ataelewa mara moja: zilizonyooka hulaliana, iliyopinda huwasukuma wenzake.

Kufikia 1908 alikuwa ametangaza kanuni yake, kwamba molekuli inapaswa kunyooka kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo, hakuacha kuijaribu. Mwaka wa 1929 alieleza dutu zenye molekuli zilizopinda ambazo bado zilikuwa fuwele kioevu. Hazikuvutia wengi, naye akafariki Halle mwaka wa 1941.

Wanasayansi wa Japani walipoonyesha mwaka wa 1996 kwamba molekuli za aina hiyo zina tabia za umeme zisizotarajiwa, kazi yake ilifukuliwa. Mwaka wa 2001 watafiti walichunguza upya dutu yake mojawapo, wakakuta molekuli zake zimepangana kwa mpindo mmoja, mithili ya ndizi kwenye chane.