Renée Sintenis: Aliyemuumba dubu wa Berlin

KILA mwaka, washindi wa tamasha la filamu mjini Berlin, Ujerumani, hukabidhiwa sanamu ya dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mkono mmoja juu kama anayempungia jirani. Mnamo 2005, dubu wa dhahabu alitua Afrika Kusini kupitia U-Carmen eKhayelitsha, filamu iliyoimbwa kwa Kixhosa. Mwaka wa 2024 ilikuwa zamu ya Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, kwa filamu yake, Dahomey. Majina ya washindi hutangazwa kote duniani. La aliyemuumba dubu huyo hutajwa kwa nadra.

Renée Sintenis alizaliwa Machi 20, 1888, mjini Glatz, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo ni Kłodzko nchini Poland. Babake alikuwa mwanasheria. Utoto wake mwingi aliupitishia Neuruppin, mji mdogo karibu na Berlin, na huko ndiko alikopenda farasi, mapenzi yasiyomtoka hadi uzeeni.

Mnamo 1907 alianza kusomea usanii wa sanamu jijini Berlin. Kabla ya kukamilisha masomo, babake alimtoa chuoni akamfanya katibu wake. Binti alivumilia kwa muda, kisha akakata kauli, akavunja uhusiano na familia yake. Huo haukuwa uamuzi mwepesi kwa mwanamke wa enzi hiyo asiye na mume wala mshahara. Miongoni mwa kazi alizozifanya ni kumkalia msanii mashuhuri, Georg Kolbe, ili amtumie kama kielelezo cha sanamu zake.

Katika Kiswahili tumezoea kumwita mtu kama huyu mchongaji, na fikra zetu hukimbilia vinyago vya Wakamba na Wamakonde. Sintenis hakushika tezo. Yeye alifinyanga kwa vidole, kisha kiwanda kikamimina shaba nyeusi ndani ya kalibu. Alifinyanga watoto wa farasi, punda, mbuzi, mbwa na swara, wengi wao wakiwa wadogo kiasi cha kushikika mkononi. Wanyama wake hawaungurumi wala hawararuani. Mwanafarasi anajikuna, mwingine anajaribu miguu yake membamba isiyozoea ardhi. Wakati ambapo wachongaji wa kiume walishindana kujenga minara ya majemadari, yeye alishikilia udogo, na naona hapo ndipo ulipokuwa ushujaa wake.

Udogo huo ulilipa. Mnamo 1917 aliolewa na Emil Rudolf Weiss, mchoraji na mbunifu wa herufi za uchapaji. Mfanyabiashara wa sanaa Alfred Flechtheim alizinadi kazi zake, na watu wa tabaka la kati, ambao hawangeweza kuweka jemadari wa shaba sebuleni, walimudu mwanafarasi. Sintenis mwenyewe, mrefu na mwenye nywele fupi, akawa sura ya mwanamke wa kisasa jijini Berlin.

Alifinyanga pia wanamichezo, akiwemo mwanariadha wa Finland, Paavo Nurmi. Sanamu yake ya mwanakandanda ilimpa nishani ya shaba katika Olimpiki za Amsterdam za 1928, enzi ambapo sanaa ilishindaniwa sambamba na riadha. Mnamo 1931 akawa mchongaji wa kwanza wa kike kuingizwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Mwaka uliofuata alimuunda dubu.

Kisha Wanazi wakatwaa mamlaka. Nyanyake mzaa mama alikuwa na asili ya Kiyahudi, na hilo lilitosha. Mnamo 1934 alitimuliwa kutoka Akademia, na baadaye kazi zake zikaondolewa katika makavazi ya umma. Mumewe naye alikuwa amefutwa kazi ya ualimu. Flechtheim, aliyekuwa Myahudi, alitoroka na kufariki London mwaka wa 1937. Sintenis alibaki Berlin, akiendelea kufinyanga bila makeke. Weiss alifariki mnamo 1942, na vita vilipokuwa vikifikia ukingoni mnamo 1945, makao yake na karakana yake viliteketea pamoja na kazi nyingi.

Alikuwa na umri wa miaka 57, mjane, katika jiji la vifusi. Hata hivyo, alianza upya. Mnamo 1948 alitunukiwa tuzo ya sanaa ya Berlin, na chuo cha sanaa cha jiji hilo kikampa uprofesa. Tamasha la filamu lilipoanzishwa mwaka wa 1951, dubu wake ndiye aliyeteuliwa kuwa tuzo. Dubu mwingine mkubwa, wa umbo lilo hilo, aliwekwa kando ya barabara kuu ya kuingilia Berlin Magharibi mnamo 1957, akiwapungia madereva.

Sintenis aliaga dunia Aprili 22, 1965, akazikwa katika makaburi ya msituni ya Dahlem. Katika mtaa wa Friedenau upo uwanja mdogo uliopewa jina lake, na hapo amesimama mwanafarasi wake wa mwaka wa 1929, kichwa chini, akila nyasi.