Robert Capa: kamera ndogo ilimtaka asogee karibu na vita

Robert Capa, jina la kuzaliwa Endre Friedmann, alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka wa 1913. Vitani alibeba kamera ndogo aina ya Contax: unachungulia, unaona sura mbili, unazungusha mpaka ziungane, ndipo unapiga. Lenzi yake haikuvuta vitu vya mbali, basi ilimbidi asogee mwenyewe. Tarehe 6 mwezi wa sita 1944 aliingia majini Normandie, Ufaransa, pamoja na askari wa Marekani, risasi zikilia. Picha chache tu ndizo zimebaki. Tarehe 25 mwezi wa tano 1954, huko Vietnam, aliacha gari la jeshi la Ufaransa akatangulia kwa miguu. Akakanyaga bomu, akiwa na miaka 40. Filamu yake ilisafishwa: askari wanavuka shamba, wamempa mgongo.