Rudolf Diesel: Mhandisi aliyekufa bila kuiona nozeli ya leo

GARI la dizeli linapoanza kutoa moshi mweusi, kugonga na kupoteza nguvu, fundi mzoefu huzishuku nozeli mapema. Huifungua moja, huifunga kwenye pampu ya mkono yenye geji, kisha husukuma mpini na kutazama. Nozeli nzima hufunguka shinikizo linapofikia kiwango kilichowekwa na kiwanda, ikanyunyiza mafuta kama ukungu na kujifunga bila kudondosha tone. Inayotema mkondo kama bomba la maji, au inayovuja, ni mbovu. Mkono nao hukaa mbali, maana mafuta hayo yana nguvu ya kupenya ngozi.

Kuyafikisha mafuta ndani ya silinda kwa kipimo, kwa wakati na yakiwa ukungu ndiko kulikomsumbua kwa miaka mingi mtu ambaye jina lake limekuwa jina la mafuta yenyewe.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858, na wazazi waliotoka Bavaria, Ujerumani. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliifukuza familia hiyo hadi London, na kijana huyo wa miaka 12 akapelekwa kwa jamaa zake mjini Augsburg kusoma. Baadaye alisoma Munich chini ya Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu, kisha akaajiriwa katika kazi za mwalimu wake huyo.

Darasani alijifunza kwamba injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa, na jambo hilo halikumtoka akilini. Mwaka 1892 aliomba hataza ya injini isiyohitaji plagi: hewa pekee igandamizwe hadi iwake joto, ndipo mafuta yaingizwe na kujiwasha yenyewe.

Jaribio la kwanza, Augsburg, Agosti 10, 1893, nusura liue watu. Mlipuko ulikivunja kipimo cha shinikizo na vipande vikaruka, lakini ukathibitisha kuwa mafuta hujiwasha kweli. Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa takriban dakika moja. Miaka mitatu baadaye Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi, akakuta inageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya mvuke ya wakati huo iliyoikaribia.

Hata hivyo, Diesel hakuwa amefanikiwa kuyasukuma mafuta peke yake. Alilazimika kuyapuliza kwa hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ilihitaji kompresa kubwa, nzito na yenye kula sehemu ya nguvu ya injini. Kwa sababu hiyo dizeli ilifaa viwandani na melini, haikufaa garini.

Utajiri ulikuja haraka na kuondoka haraka zaidi. Kesi za hataza, uwekezaji mbaya na maradhi ya kichwa vilimdhoofisha. Jioni ya Septemba 29, 1913, akiwa safarini kutoka Antwerp kwenda Harwich katika meli Dresden, alikula chakula na kuingia chumbani. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliuona mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuuacha majini. Mwanawe, Eugen, alivitambua kuwa vya baba yake. Wapo walionong'ona habari za kuuawa, ila madeni aliyoiachia familia yanaelekeza zaidi kwenye kujiua.

Kazi aliyoiacha ilishikwa na wengine. Robert Bosch wa Stuttgart alianza kuunda pampu ya kusukuma mafuta bila hewa mwishoni mwa mwaka 1922, na mwaka 1927 kiwanda chake kikaanza kuitoa kwa wingi kwa ajili ya malori. Kompresa ikatupwa. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha mjini Berlin gari dogo la abiria aina ya 260 D, lenye injini ya dizeli na pampu ya Bosch.