Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea

Tuseme unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne ukiwa Sitalike, kijiji kilicho kwenye barabara ya Mpanda–Sumbawanga, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukifaulu utaendelea. Usipofaulu, je, miaka 11 ya shule itakuwa imekupa nini? Swali kama hilo lilimsumbua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Alisoma pia Tabora, Makerere na Edinburgh. Alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu ili kuiongoza TANU.

Machi 1967, akiwa Rais, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Zikumbuke kasoro alizozibainisha katika elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni:

(a) Iliandaa wachache wa kuendelea na masomo. Wengi wakajiona wameshindwa.
(b) Ilimtenga kijana na jamii yake.
(c) Ilimfanya aamini kuwa maarifa yamo vitabuni tu.
(d) Iliwaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji mali.

Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, shule ziwe na mashamba na karakana, na mtihani upunguziwe uzito.

Usiishie kwenye sifa. Mtahini anataka upime pande zote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua njia ya Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza 1977. Watoto wengi waliingia darasani. Hata hivyo, walimu wengi waliandaliwa kwa haraka, vitabu vilikuwa haba na uchumi ukayumba. Katika baadhi ya shule, kazi ya shamba iligeuka adhabu badala ya somo.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999. Mtihani bado una uzito mkubwa, nawe huna budi kuufanya vizuri. Lakini mwanafunzi wa Sitalike anayeweza kueleza kwa nini Mto Katuma hupungua maji kiangazi na viboko wakabanana kwenye madimbwi, ameanza kuielewa hoja ya Mwalimu: somo lianzie pale unapoishi.

Swali la kujipima: Jadili mafanikio matatu na matatizo matatu ya Elimu ya Kujitegemea, ukitoa mifano kutoka eneo unaloishi.