Mtoro bin Mwinyi Bakari: Msomi wa Bagamoyo Aliyefia Berlin



Siku hizi hapa Kakamega ukikaa na watu baada ya futari hukosi kusikia habari ya kijana fulani aliyepata nafasi ya kufanya utafiti ng'ambo. Huyu anaenda Ujerumani, yule Uturuki, mwingine Malaysia. Mama anafurahi na kulia kwa pamoja. Mzee anauliza kama huko nyama ya halali inapatikana. Kijana mwenyewe hana raha, leo yuko Nairobi ubalozini, kesho anatafuta muhuri wa vyeti, na neno analolala nalo na kuamka nalo ni kibali: nitapewa cha miaka mingapi, naweza kwenda na mke wangu, kazi ikiisha je?

Maswali haya si mapya, ndugu yangu. Tunakuletea maisha ya Mswahili mmoja, mtu wa chuoni, aliyeyakuta zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ukisoma Kiswahili chuo kikuu utakutana naye tu, manake hakuna anayeandika habari za desturi za Waswahili wa zamani bila kumtegemea. Lakini wengi wanakijua kitabu, mtu mwenyewe hawamjui.

Alizaliwa mwaka 1869 huko Dunda, katika nchi ya Wazaramo, karibu na Bagamoyo. Bagamoyo ya wakati ule usiifikirie kama mji mdogo uliolala. Misafara iliyotoka bara, hata Tabora na Ujiji, iliishia pale, na pembe za ndovu zilivushwa kwa jahazi mpaka Unguja. Na sisi wa magharibi ya Kenya tusijione tuko mbali na hadithi hii. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Mumias kwa Nabongo walikuwa watu wa namna hiyohiyo, wenye kanzu, msahafu na bidhaa, na ndio waliotuletea Uislamu na Kiswahili huku kwetu.

Mtoro alisoma chuoni kama mtoto yeyote wa Kiislamu wa pwani, akaendelea na elimu ya dini kwa mashekhe wa Bagamoyo. Mtu wa namna hiyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alijua sheria za ndoa, mirathi na madeni. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwaka 1888, pwani yote ilichafuka. Abushiri aliinuka kupigana na Wajerumani, na mwisho wa 1889 akanyongwa Pangani. Kuanzia hapo dola ilikuwa ya Mjerumani, na kila mtu alilazimika kutafuta namna ya kuishi chini yake.

Sasa, Mjerumani alikuwa na shida moja: ameshika nchi ambayo lugha yake haijui. Kwa hiyo mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za mashariki, ndani ya chuo kikuu cha mji ule, ili maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wajifunze lugha kabla ya kupanda meli. Mwalimu mkuu wa Kiswahili alikuwa Mjerumani, lakini alihitaji mtu aliyezaliwa na lugha akae naye darasani, asome kwa sauti, arekebishe matamshi na kujibu maswali. Sleman bin Said wa Unguja alitangulia katika kazi hiyo, akafuata Amur bin Nasur. Mwaka 1900 ikawa zamu ya Mtoro.

Hebu fikiria alivyofika. Mwaka ule Ramadhani ya 1318 Hijria iliandama mwishoni mwa Disemba. Berlin wakati huo jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Saumu ni fupi, lakini baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na hakuna adhana ya kukwambia fungua. Msikiti wa kwanza uliojengwa Ujerumani kwa ajili ya swala ulikuja mwaka 1915, kwenye kambi ya mateka wa vita ya Wünsdorf, nje ya Berlin. Ramadhani ya upweke wengi wenu mlio ng'ambo mnaijua, lakini nyinyi mna simu mfukoni.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya kalamu. Mwalimu Mjerumani aliyefanya naye kazi, Carl Velten, alikuwa amekaa Dar es Salaam kama mkalimani wa gavana, na alikuwa akikusanya maandishi ya Waswahili wenyewe. Mwaka 1901 kikatoka kitabu cha safari za Waswahili. Ndani yake Mtoro anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. (Kitabu hichohicho kina habari za Selim bin Abakari, aliyefika mpaka Urusi na Siberia. Mtu akikwambia Waswahili hawakutembea, mpe hicho.)

Kisha mwaka 1903, huko Göttingen, kikachapishwa kile kinachojulikana zaidi, Desturi za Wasuaheli. Humo mna mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, anavyopelekwa chuoni, jando, posa na harusi, ngoma na pepo, deni na rehani, jumbe na heshima zake, mpaka maiti anavyooshwa na kuzikwa. Mna utumwa pia, umeelezwa waziwazi, nani mtumwa wa aina gani na anafanya nini, bila kuficha. Haya si mambo aliyoyachungulia mgeni dirishani. Ameyaandika mwenye nyumba, pamoja na wenzake wa Bagamoyo. Leo tungemwita mtafiti bila kusita.

Je, jalada lilisemaje? Lilimtaja Velten kuwa ndiye aliyekusanya. Mtoro akatajwa ndani, kwenye maneno ya utangulizi. Ndivyo vitabu vya namna hiyo vilivyotolewa zama zile, na nadhani si haki kumfanya Velten kuwa mwizi, maana angalau alimtaja kuwa ndiye mwandishi mkubwa wa kazi ile. Lakini wewe unayekwenda kufanya utafiti kwa watu, uliza mapema jina lako litakaa wapi.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Yalibadilika Oktoba 1904, Mtoro alipomwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani aliyefanya kazi kiwandani. Walioana Berlin kwa sheria za serikali, na sheria ya Ujerumani yenyewe haikuwakataza. Iliyokataza ni mioyo. Wanafunzi wale walikuwa wanaandaliwa kwenda kutawala Waafrika, na sasa mbele yao amesimama Mwafrika ambaye mke wake ni dada yao Mzungu. Kero zikazidi, na mwaka 1905 Mtoro hakuwa tena kwenye kazi ile.

Mtu akikosa kazi ugenini hufanya nini? Hurudi kwao. Mtoro akamchukua mke wake, wakapanda meli kuja Afrika Mashariki. Ni jambo la kawaida kabisa, mtu anampeleka mkewe akaone kwao.

Hawakuachiwa wafike. Gavana wakati huo alikuwa Graf von Götzen, na serikali yake ikawazuia kuingia na kukaa. Unajua mwaka ule ulikuwaje: Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza kule Umatumbi na kusambaa kusini yote, na Mjerumani alikuwa na hofu kubwa. Lakini usidhani vita peke yake ndio sababu. Katika nchi ya ukoloni, utawala wote ulisimama juu ya fikira kwamba Mzungu yuko juu na Mwafrika yuko chini. Mwanamke wa Kizungu akionekana Bagamoyo anapika katika nyumba ya mumewe Mwafrika, fikira hiyo inaanguka bila bunduki kulia. Mwaka uliofuata, 1906, serikali ya koloni ikaacha kabisa kufungisha ndoa za namna hiyo.

Basi wakarudishwa Ujerumani. Tafakari hapo kidogo, msomaji. Mtu amezuiwa kuingia katika nchi aliyozaliwa, na wanaomzuia ni wageni. Na kule alikorudishwa si raia. Watu wa makoloni walihesabiwa kuwa wako chini ya ulinzi wa dola, maneno matamu, lakini haki za raia hawakuwa nazo. Alikaa kwa sababu hakuna aliyemfukuza.

Hakukunja mikono. Aliandika kwa wakubwa kudai haki yake. Kuanzia 1909 alipata kazi Hamburg, katika taasisi ya mambo ya makoloni iliyokuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Huko alifanya kazi na Carl Meinhof, yule bingwa wa lugha za Kibantu, kama msaidizi wa lugha kwa miaka kadhaa. Alikuwa mwandishi wa kitabu ambacho wataalamu wenyewe walikitumia, na bado cheo chake kilikuwa msaidizi. Halafu akarudi Berlin.

Ramadhani ya 1332 iliandama mwishoni mwa Julai 1914. Mchana wa Berlin mwezi huo unakaribia saa kumi na sita, na kabla mwezi haujafika nusu Ujerumani ilikuwa imeingia katika vita vikuu vya kwanza. Njia ya bahari kuja kwetu ikafungwa. Vita vilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa imeshindwa, na kwa mkataba wa Versailles wa 1919 ikanyang'anywa makoloni yote. Bagamoyo ikawa chini ya Mwingereza, katika nchi mpya iliyoitwa Tanganyika.

Kwa Waafrika waliokuwa Ujerumani hii ilikuwa balaa ya karatasi. Dola iliyodai kuwalinda haina tena koloni, uraia wake haikuwapa, na Mwingereza hakuwa na haraka nao. Na wake zao Wajerumani nao walikuwa matatani, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilisema mwanamke akiolewa na mgeni anapoteza uraia wake wa Ujerumani. Mapenzi ya watu wawili yanakuwa faili ofisini.

Mtoro alipata riziki kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, akionyesha picha ukutani kwa taa. Watu walilipa wakamsikiliza. Subhanallah, mtu huyo aliitembeza Bagamoyo mbele ya macho ya wageni jioni baada ya jioni, na mwenyewe hakuikanyaga tena. Alikufa Berlin mwaka 1927, umri wake miaka 58 hivi. Alikuwa ametoka kwao akiwa na 31.

Dada na kaka unayejaza fomu wakati huu, hali yako si yake, alhamdulillahi. Mtafiti Mkenya anayekwenda Ujerumani leo hupewa kibali cha ukaazi kwa msingi wa mkataba kati yake na taasisi iliyokubali kumpokea. Mume au mke anaweza kumfuata na kufanya kazi. Akikaa miaka inayotakiwa na kutimiza masharti, anaweza kuomba kibali kisicho na mwisho. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano ya kuwarahisishia Wakenya kwenda kufanya kazi kule. Na hakuna gavana wa kukungoja bandarini ukirudi na mkeo. Hata hivyo soma mkataba wako kwa makini kabla ya kutia saini: kibali kimefungwa kwenye kazi gani, kazi ikikatika kabla ya wakati una muda gani wa kutafuta nyingine, na maandishi yako yatatoka kwa jina la nani. Ukiwa huelewi, muulize aliyetangulia, usione haya.

Tumalizie na habari ya kitabu, maana nacho kilikuwa na safari yake. Maandishi ya Kiswahili yalikaa kwenye maktaba za Ulaya miaka mingi, wanaoyasoma wakiwa wataalamu wachache. J. W. T. Allen, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya miswada ya Kiswahili, akayatafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikatolewa na chuo kikuu cha California mwaka 1981, Allen mwenyewe akiwa ameshafariki. Mwaka 2009 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa kitabu kizima cha maisha ya Mtoro, kilichoandikwa na Ludger Wimmelbücker, Mjerumani. Ukipata nafasi ya kuingia maktaba kubwa, kitafute.

Na ile tafsiri ya 1981, ukiishika mkononi, jina la kitabu linataja wazi kwamba desturi hizi ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Ilikuwa imepita miaka 78 tangu Göttingen.