Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata saratani ya watoto barabarani

Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, ubaridi unakuacha njiani. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, kuna joto, mvua nyingi na mbu. Tofauti hiyo ya mlimani na bondeni ndiyo aliyoitafuta Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja angali mtoto, na bado akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Upasuaji haukuwasaidia watoto hao.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitumia wiki kumi na kusafiri kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Safari nzima iligharimu pauni 678. Ni fedha kidogo mno kwa jibu kubwa namna ile: saratani ilikaa kwenye mabonde yenye joto na mvua, ikapungua milimani, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka wake ulivyoshuka. Kwa lugha ya hapa, ni ardhi ya Kyela, si ya vilele vya Rungwe. Baadaye malaria ilihusishwa nayo.

Lakini ramani haionyeshi kilichomo ndani ya seli. Kwa hilo ilihitajika hadubini ya elektroni, na hadubini hiyo ni ghali. Mwaka huohuo wa 1961, Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, naye akapata dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Kisha mzigo mmoja ulicheleweshwa na ukungu, ukafika maji yake yamechafuka: seli zilikuwa hai, zikielea. Zilipokuzwa, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani yake, wakatangaza mwaka 1964.

Seli za kawaida huzeeka. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha, pia mwaka 1961, kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika mara kadhaa kisha hukoma. Kirusi cha Epstein na Barr huzifanya baadhi ya chembe nyeupe za damu zisahau kuzeeka, ziendelee kugawanyika bila kikomo.

Burkitt mwenyewe alirudi kwa wagonjwa. Alijaribu dawa za kemikali, mara nyingine dozi chache tu, na baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kufa walipona kabisa. Alifariki Machi 1993, akiwa na miaka 82.