Grogan: Mlowezi aliyepandikiza trauti Kenya, akahamia ukingoni mwa Jipe

ABIRIA anayetoka Same kupitia Mwanga na Himo, akavuka mpaka wa Holili na kuingia Taveta, akishuka kidogo upande wa Ziwa Jipe ataona jumba kubwa jeupe juu ya kilima. Kwa mbele yake kuna mashamba ya mkonge, upande mmoja Kilimanjaro, upande mwingine milima ya Upare. Wenyeji wamezoea kuliita ngome ya Girigan. Girigan ni matamshi yao ya jina la Grogan, Mwingereza aliyelijenga katika miaka ya 1930.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Shule hazikumkalia sawa, na hata Chuo Kikuu cha Cambridge alifukuzwa kwa utundu. Mwaka 1896 alikuwa Rhodesia akipigana upande wa wakoloni dhidi ya Wandebele. Baadaye akiwa New Zealand alimpenda binti aliyeitwa Gertrude Watt, lakini baba wa kambo wa binti huyo hakuona kijana huyu ana mbele wala nyuma. Grogan akaamua kuonyesha kwamba anaweza jambo: kutembea Afrika nzima kutoka kusini hadi kaskazini.

Safari hiyo ilianza mwaka 1898 na kumalizika Cairo mwaka 1900. Alipita Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika, akapanda Kivu, akavuka mabwawa ya Nile yaliyojaa mafunjo huko Sudan. Aliandika kitabu, akawa maarufu Uingereza, na mwaka huohuo akamwoa Gertrude. Wapagazi waliobeba mizigo yake njia nzima hawakupata umaarufu wowote.

Mwaka 1904 alifika Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa mji wa mabati kando ya reli. Hapo ndipo mfanyabiashara alipojitokeza. Alishika msitu mkubwa wa mbao karibu na Eldama Ravine, akanunua ardhi ya bondeni jijini Nairobi na kiwanja cha bandari huko Mbaraki, Mombasa. Alikuwa na jicho la kuona sehemu ambayo serikali ingeihitaji kesho, kisha anaiwahi leo. Barabara iliyobeba jina lake Nairobi, ambayo mafundi magari wanaijua sana, siku hizi inaitwa Kirinyaga.

Katikati ya biashara hizo, mwaka 1905, aliagiza mayai ya samaki.

Walowezi walikuwa wameikuta mito ya baridi ya milima ya Nyandarua ikiwa safi, yenye maporomoko na mawe, mfano wa mito ya kwao, lakini haina samaki wa kuwavutia wavuvi wa ndoano. Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia wa Loch Leven kutoka Uskochi, na vifaranga vikapandikizwa katika mto Gura. Kwa mkulima wa leo anayenunua vifaranga vya perege kwenye mfuko wa plastiki wenye hewa, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Wakati ule halikuwa dogo. Yai la trauti husafiri vizuri likiwa limefikia hatua ambayo macho ya kifaranga yanaonekana ndani yake, na lazima libaki kwenye ubaridi na unyevu. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua siku 40 hivi kuanguliwa. Joto likipanda siku hupungua, na likizidi mayai hufa. Hivyo ilibidi barafu itoshe baharini hadi Mombasa, itoshe kwenye treni, na baada ya reli hakukuwa na chombo kingine isipokuwa vichwa vya wapagazi kupanda mlimani.

Samaki walishika. Kutoka Nyandarua wakasambazwa hadi mito ya Mlima Kenya, na baadaye akaletwa pia trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Tanganyika nayo ikapandikizwa trauti katika mito ya Kilimanjaro, Usambara na nyanda za juu kusini. Mwaka 1929 walowezi wengine walitia besi, samaki mlafi wa Marekani mwenye mdomo mpana, katika Ziwa Naivasha. Kisamaki kidogo cha asili cha Naivasha kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na besi na trauti wamo katika orodha ya watuhumiwa.

Trauti hawa hawakuletwa kulisha watu. Walikuwa samaki wa mchezo, wa kuvuliwa kwa chambo cha nzi bandia na mwenye leseni, na nyavu na mitego ilipigwa marufuku kwenye mito yao. Wakikuyu walioishi kando ya mito hiyo hawakuwa walaji wa samaki enzi hizo, kwa hiyo hawakugombea chakula. Lakini mto ulikuwa umepata mwenye mto mwingine.

Grogan alikuwa mtu wa namna hiyo katika mambo mengine pia. Mwezi Machi 1907 aliwachapa viboko Waafrika watatu waliokuwa wakivuta rikisho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa walowezi ukitazama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Tukio hilo halikumpunguzia heshima kwa wenzake. Aliendelea kuwa kiongozi na msemaji wao kwa miaka mingi. Anayesifu ujasiri wake wa kutembea hadi Cairo aliweke na hili kwenye hesabu hiyohiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alielekeza fedha zake Taveta. Reli ya Voi hadi Moshi ilikuwa imejengwa wakati wa vita, na yeye akaona kilichohitajika ni maji tu. Akachimba mifereji, akapanda mkonge kwenye tambarare kavu, akajenga jumba lake juu ya kilima. Gertrude alifariki mwaka 1943, na Grogan akatoa mali iliyowezesha kujengwa hospitali ya watoto ya Nairobi inayobeba jina la mkewe. Wataveta walibaki na malalamiko ya ardhi ambayo yalipokewa na vizazi vilivyofuata.

Kutoka kwenye veranda yake aliweza kuliona Ziwa Jipe, ambalo Kenya na Tanzania hugawana. Maji yake hutoka kwenye mto Lumi na vijito vya Upare Kaskazini, kisha hutoka kwa mto Ruvu kuelekea Pangani. Trauti hawezi kuishi humo. Maji ni ya vuguvugu. Aliyemo ni perege wa Jipe, samaki wa bonde la Pangani asiyekuwa na asili mahali pengine duniani. Wataalamu walimwandika kama aina ya pekee mwaka 1955, Grogan akiwa bado na jumba lake hapo. Hakuna klabu ya walowezi iliyoundwa kumlinda. Ndiye aliyekuwa akipakiwa kwenye mitumbwi na kuuzwa kwenye masoko ya Upare.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipokamilika mwaka 1965, perege wa bonde hilo walizaliana kwa wingi na wavuvi wakamiminika kutoka mbali. Neema hiyo ilishuka baada ya miaka michache, na tangu hapo serikali imelazimika mara kadhaa kusimamisha uvuvi ili samaki wapumzike na makokoro.

Wapo wanaojiuliza kama vijito vya msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena wilayani Same, vingefaa kwa trauti. Ubaridi pengine upo. Lakini maji hayo yana kazi tayari: hujaza ndiva na kumwagilia mahindi na maharage bondeni, na kiangazi hayatoshi. Trauti anataka maji yanayotiririka mwaka mzima na chakula chenye protini nyingi, ambacho ni ghali. Hata Kenya, yenye kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga huko Kiganjo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, amebaki samaki wa hoteli na wateja wachache.

Grogan alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92. Trauti bado wako Gura. Perege wa Jipe yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na matete na udongo vimelibana ziwa kiasi kwamba wavuvi wa upande wa Mwanga hupitisha mitumbwi yao kwenye njia walizozifyeka kwa panga.